Ruzuku ya mkulima wa Pemba inapita mlango gani?

Jioni moja ya masika nilikuwa barazani kwa ami yangu, kusini mwa Pemba, redio iko katikati yetu. Mtangazaji alikuwa anaeleza habari za mbolea ya ruzuku: mkulima anajiandikisha kijijini kwake, anapata namba, anakwenda nayo kwa wakala, mfuko anauziwa chini ya bei ya soko na kilichobaki Serikali inamlipa muuzaji. Ami akaipunguza sauti. "Sasa sisi namba yetu iko wapi? Sheha ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hajanambia kitu." Sheha ndiye kiongozi wa Serikali kijijini kwetu.

Nilimjibu kwa mkato kwamba ile ni ya Bara. Hakuridhika, na haki yake. Mtu aliyeshika jembe tangu hajabaleghe hawezi kutosheka na jibu la maneno matatu. Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa kila aliyewahi kusikia neno ruzuku redioni kisha akaitazama mikono yake akaiona mitupu.

Tuanze na hiyo namba. Kilimo hakimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Ulinzi umo, mambo ya nje yamo, uraia na sarafu vimo. Kilimo kila upande una chake. Wizara ya Kilimo ya Dodoma haina mkulima hata mmoja Pemba, kama ambavyo Wizara ya Kilimo ya Zanzibar haina mkulima Mbeya. Kwa hiyo vocha za pembejeo zilizogawiwa Bara kuanzia 2008, na mpango wa mbolea uliorudi mwaka 2022/23 kwa shilingi bilioni 150 baada ya bei ya mbolea kupaa duniani, havikuvuka bahari. Huku fedha za kilimo zinatoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi, inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi, na mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai. Tarehe hiyo iweke akilini, nitairudia nikifika kwenye mpunga.

Lililomchanganya ami zaidi ni neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni neno na ndugu yake. Mzee anapoomba dua humwomba Mola amruzuku, na hapo haijapita bajeti wala wizara. Vijijini kwetu siku hizi neno hili limeshikwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya iliyoingizwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hupokea fedha, na kwenye karatasi fedha hizo huitwa ruzuku: ipo ya msingi, na ipo ya masharti, yaani mtoto ahudhurie skuli na mdogo wake apelekwe kliniki. Lakini hiyo hailipwi kwa sababu mtu analima. Inalipwa kwa sababu kaya imeonekana ni maskini, na mjane asiye na konde hata moja anaweza kuipata ilhali mkulima wa mlango wa pili akaikosa. Pensheni Jamii nayo, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70, kisha ikapandishwa hadi 50,000, inaangalia umri tu. Ami anaipokea. Ndiyo fedha pekee ya Serikali inayomfikia ikiwa noti, na ndiyo maana nilipomwambia kwamba mkulima wa huku anapata ruzuku kwa njia tatu nne, alinitazama kama mtu ninayemsingizia.

Anazipata. Ila hazipiti mkononi. Zinapita kwenye bei, kwenye trekta na kwenye mche, na kila mlango una watu wake unaowaingiza na watu wake unaowaacha nje.

Mlango mkubwa kuliko yote Pemba ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo zao hili limekuwa la Wapemba kuliko la mtu mwengine yeyote. Na tangu mwaka 1968 mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, hili tunaloliita ZSTC. Kuuza kwengine ni magendo. Mnunuzi akiwa mmoja, bei haipatikani kwa watu kuvutana sokoni. Inapangwa ofisini, na kinachopangwa ofisini kinaweza kumpa mkulima au kumnyang'anya bila ya yeye kuona mkono uliofanya kazi hiyo.

Watu wa umri wa ami wanaikumbuka miaka ya sabini. Indonesia walikuwa wananunua karafuu zetu kwa sigara zao za kreteki, bei ya dunia iko juu, na mkulima wa Pemba analipwa kipande kidogo tu cha bei hiyo. Kilichobaki kilikwenda Serikalini. Nasema wazi kwamba hiyo ilikuwa ruzuku iliyopinduliwa: aliyekuwa akitoa ni mkulima, na aliyekuwa akipokea ni Serikali. Matokeo yake tunayajua sote. Majahazi na mashua zilivuka usiku kuelekea pwani ya Kenya na magunia, na hadi leo kikosi chetu cha baharini, KMKM, kinabeba neno magendo ndani ya jina lake. Indonesia walipopanda mikarafuu yao wenyewe ikawatosha, bei ya dunia ikaanguka, na huku kwetu watu wakaacha kupalilia. Mikarafuu mingi iliyokufa katika miaka hiyo haikuuliwa na maradhi peke yake. Iliuliwa na bei pia.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2011, wakati wa Rais Ali Mohamed Shein. Bei ya mkulima ilipandishwa hadi kufikia shilingi 15,000 kwa kilo, kisha ikatulia miaka kadhaa kwenye 14,000 kwa daraja la kwanza, na Serikali ikatangaza msimamo kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Hiyo asilimia 80 ndiyo inayozungumzwa zaidi na kufahamika kidogo zaidi, basi tuifungue taratibu kwa hesabu ya mfano.

Tuseme mnunuzi wa nje anatoa shilingi 20,000 kwa kilo. Asilimia 80 yake ni 16,000, ndiyo ya mkulima. Zile 4,000 zinabaki kwa shirika, na humo ndimo mnamotoka gunia, ghala, usafiri, mishahara ya vituo na faida kama ipo. Je, hapo mkulima amepewa ruzuku? Hapana. Amepewa sehemu kubwa ya haki yake kuliko zamani, na ni jambo la kushukuriwa, lakini bado ni yeye anayekatwa. Sasa tuseme bei ya nje imeshuka hadi 15,000. Asilimia 80 ni 12,000. Serikali ikisema mkulima asiumie, aendelee kulipwa 14,000, zile 2,000 za juu ndizo ruzuku ya kweli. Shirika limebakiwa na 1,000 tu ya kufanyia kazi zake zote, na likipungukiwa lazima pengo lizibwe mahali. Mkulima aliyesimama kituoni na magunia yake haoni tofauti baina ya mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Mwaka mmoja amekatwa, mwaka mwengine ameongezewa, na risiti ni ile ile.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama msimu huu anaruzukiwa au anakatwa, asiishie kuuliza bei ya kituoni. Aulize na bei tuliyouzia nje.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hunikera kila msimu. Bei nzuri inalipwa kwa kilo, na kilo zinapelekwa kituoni na mwenye gunia. Je, mwenye gunia ni nani? Mara nyingi siye mwenye mti. Mtu ana mikarafuu ishirini, mtoto anatakiwa vifaa vya skuli, kuna harusi au kuna maradhi, na msimu bado miezi mitatu. Anaikodisha mikarafuu yake kwa mwenye fedha: matunda yakiwa bado machanga juu ya mti, wanakubaliana bei, anachukua chake. Msimu ukifika, mkodi ndiye anayechuma, anayeanika, anayepeleka na anayepokea zile 14,000. Nyongeza yote iliyowekwa kwa jina la mkulima imeingia mfuko wa mkodi. Hakuna aliyevunja sheria. Mkodi naye amebeba hatari, kwa sababu mvua ikinyesha vibaya karafuu zinakuwa mpeta, yaani zinaharibika na kushuka ubora, na hasara ni yake. Lakini tusiseme kwamba bei imemfikia mwenye mti. Ndiyo maana naiona mikopo isiyo na riba inayotolewa kabla ya mavuno kuwa na maana kuliko shilingi mia tano ya nyongeza ya bei: inamwezesha mtu asikodishe.

Kuna na mikarafuu ya urithi. Mti unarithiwa kama nyumba inavyorithiwa, na kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na mti ukawa wa yule. Ndugu sita wana mashina arubaini ya baba yao, dada watatu wameolewa mbali, kaka mmoja ndiye aliyebaki kijijini. Kituoni linaandikwa jina lake. Atakavyogawa akirudi nyumbani ni baina yake na Mola wake, na nimewaona wanaogawa hadi senti ya mwisho, na nimewaona dada waliosubiri misimu miwili.

Halafu wapo wachumaji. Nataka nisimame hapa kidogo. Saa moja usiku, baada ya magharibi, nje ya nyumba ya ami pametandikwa jamvi na karafuu mbichi zimemwagwa lundo, kijani na wekundu kidogo kwenye vichwa. Wanawake wamelizunguka, taa ya sola imening'inizwa kwenye mwembe. Mkono wa kushoto unashika kishada, kiganja cha kulia kinakandamiza na kusokota, karafuu zinaanguka huku na makonyo yanatupwa kule. Hawatazami. Wanazungumza habari za harusi na vidole vinaendelea wenyewe, vimeshakuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Binti wa jirani, mwenye miaka kama ishirini, alikuwa amechuma mchana kutwa juu ya mti, sasa anachambua alichokichuma, kisha ami atampimia kwa pishi na kumlipa kwa pishi. Pishi yake ni ya karafuu mbichi. Zikikauka zitapoteza kama theluthi mbili ya uzito, na bei ya daraja la kwanza itazikuta katika hali hiyo, akiwa yeye ameshalipwa na kuondoka. Bei ya kituo ikipanda kwa elfu mbili, malipo ya pishi yanaweza kupanda au yasipande. Hayo hupangwa shambani, baina ya mtu na mtu. Hata yale makonyo yana bei yake, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta, na ni ya mwenye karafuu. Kilichowekwa kwa ajili ya mchumaji hasa ni fidia kwa anayeanguka mkarafuuni. Mkarafuu mkongwe ni mrefu na matawi yake yanakatika bila kutoa ishara, kwa hiyo fidia ni jambo jema. Ila ukitazama vizuri, maana yake ni kwamba fedha za umma zinamfikia siku anapovunjika.

Miche haina maneno mengi. Serikali inaotesha miche ya mikarafuu na kuigawa bure, na hilo ni ruzuku safi isiyo na utata. Lakini mche bure unampata mwenye mahali pa kuupanda, na mtu wa kuumwagilia kiangazi cha kwanza, na subira ya miaka sita saba kabla ya kuchuma. Kijana asiye na ardhi hana la kufanya nao.

Mpunga ni habari nyengine. Hapa ruzuku inaonekana kwa macho: trekta la Serikali linaingia bondeni kuchimba na kuburuga, yaani kuvunja madongoa, mkulima analipa sehemu tu ya gharama na Serikali inabeba iliyobaki. Kadhalika mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Sababu yake ni ya wazi. Zanzibar inakula mchele mwingi kuliko inaoulima, na mchele wa mapembe tunaoupika mchana kila siku unakuja kwa meli. Kila gunia la mpunga linalovunwa Pemba linapunguza mchele wa kununuliwa nje.

Tatizo la ruzuku hii ni saa. Mpunga wa kutegemea mvua unataka ardhi iwe imechimbwa na kuburugwa kabla masika hayajakaza, yaani kazi ya trekta ni ya mwanzo wa mwaka, Januari na Februari, na mbegu iwe tayari wakati huo. Sasa irudie ile tarehe 1 Julai. Bajeti inapitishwa mpunga uko mavunoni, fedha zinatoka kidogo kidogo, manunuzi ya mbegu na mbolea nayo yana taratibu zake na meli zina safari zake. Kila hatua ikichelewa wiki mbili, mfuko unafika bonde limeshajaa maji. Mbolea ya kupandia iliyofika wakati wa kupalilia imeshapoteza kazi yake, hata kama imetolewa kwa nusu bei au bure.

Mama yangu ana majaluba mawili, yaani vipande viwili vya shamba la mpunga. Mwaka mmoja alilipia trekta mapema, akapewa risiti, akaikunja ndani ya msahafu wa Yasini ili isipotee. Kila alfajiri akisali anaifungua, anaitazama, anairudisha. Trekta lilikuja, siwezi kusema halikuja. Lilikuja maji yapo hadi kwenye vifundo vya miguu, likachimba jaluba la juu, la chini likashindikana. Alilima kwa jembe la mkono na watoto wa dada yake. Kwenye taarifa za mwaka ule, naamini, bonde lake lilihesabiwa kuwa limehudumiwa.

Na ukienda Micheweni, kaskazini mashariki ya kisiwa, milango hii yote unaikuta imefungwa nusu. Upande ule ni maweni na uwanda, mkarafuu haustawi, mabonde ya mpunga ni machache. Watu wanalima mtama na muhogo, wanafuga, na wanawake wanakwenda na maji kufunga mwani. Kwa miaka mingi mwani haukuhesabiwa hata kuwa kilimo cha kusaidiwa. Siku hizi zimegawiwa boti na vifaa, na kiwanda kimewekwa Chamanangwe ili mwani usiishie kuuzwa mkavu na kwa bei ya mnunuzi. Bado ni kidogo mbele ya karafuu, na mwenye kuzaliwa mashariki ya kisiwa hakuchagua mawe.

Wako watu duniani wanaolipwa ruzuku ya kilimo kwa fedha taslimu, nao wana mafunzo kwetu. Marekani ina sheria za kuwalipa wakulima tangu 1933. Karibu kila kaunti ya mashamba ina ofisi ya Serikali inayopokea maombi, na malipo ya mazao makuu kama mahindi, ngano na pamba hufuata ukubwa wa shamba na mavuno yake. Shirika moja la kiraia, Environmental Working Group, lilizikusanya kumbukumbu za malipo hayo kuanzia mwaka 1995 na kuzitandaza kaunti kwa kaunti, jina kwa jina. Watu walipozisoma wakaona kwamba kwa malipo ya mazao, asilimia 10 ya wapokeaji wakubwa huchukua takriban robo tatu ya fedha zote. Haikuwa wizi. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa: ukilipa kwa eka, mwenye eka nyingi atapata nyingi. Sisi tunalipa kwa kilo ya karafuu, na mwenye mikarafuu mingi au fedha za kukodi mingi anapata nyingi, kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kusoma majina.

Hapo ndipo ninaposimama. Ya TASAF tunayajua kwa sababu majina yalipitishwa kwenye mkutano wa shehia, watu wamekaa chini ya mwembe, mtu akitajwa wenzake wanasema ndiyo au wanasema huyu ana duka. Kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na machozi, lakini kila mtu alijua nani yumo. Ya mbolea, mbegu na trekta hayasomwi hivyo. Orodha zipo, kwa sababu huwezi kugawa mfuko bila ya kuandika jina. Zinakaa kwenye mafaili. Kuzibandika kwenye ubao wa sheha hakuna gharama zaidi ya karatasi na gamu, na hakumfichui mtu siri yake, kwa sababu fedha ni za umma na bonde kila mtu analiona.

Nilimweleza ami yote haya kwa zaidi ya jioni moja. Akaniuliza maswali ya mtu anayehesabu, si ya mtu anayelalamika. Mkutano wa shehia uliofuata alisimama, akasalimia, akauliza mambo mawili tu: bonde letu limeletewa mifuko mingapi ya mbolea, na waliopewa ni kina nani. Sheha akasema orodha hana, iko kwa bibi shamba. Ami akasema basi tunamsubiri bibi shamba.

Alikuja Jumamosi ya pili yake, na faili la kijani, kurasa mbili. Akasoma taratibu, jina baada ya jina. Ami hakuwemo, hana jaluba. Mama yangu alikuwemo: mifuko miwili. Akanyanyua mkono, akasema yeye alipokea mmoja. Bibi shamba akaomba kalamu, akaandika pembeni ya jina lake, akaendelea na linalofuata.